Nilinunua Wizi Niliofukuziwa Kazi

Wiki iliyopita niliishia mezani, kasha tupu la kompyuta mbele yangu na binti yangu pembeni akinishikia bisibisi. Kwa ambaye hakuwepo nitarudi nyuma kidogo tu, maana hata mimi hadithi hii sipendi kuirudia.

Mimi ni fundi wa kompyuta. Miaka kumi na miwili nilitengeneza kompyuta za ofisi moja ya bima, mpaka siku vipande ishirini vya memori vilipoyeyuka kabatini. Kabati lilikuwa na funguo mbili, mmoja wangu, mwingine wa mtunza stoo. Tulipoitwa kwa meneja, mtunza stoo alilia machozi. Mimi nilikaza uso kama mjinga. Aliyelia akaaminiwa, nami nikafukuzwa.

Mtunza stoo huyo ni shemeji yangu, tumbo moja na mke wangu. Kazi ile nilimtafutia mimi.

Rufaa yangu ilipangwa isikilizwe Alhamisi. Nikishinda, jina langu linasafishwa na ninarudi kazini. Nikishindwa, jalada linapelekwa polisi. Huo ndio mzigo niliokuwa nao kichwani huku nikijifanya naunda kompyuta ya mtoto.

Wahenga walisema mficha uchi hazai. Kwa hiyo kabla sijamtaja mtu yeyote, nianze na kosa langu.

Binti yangu yuko mwaka wa pili chuoni, anasomea uchoraji wa majengo. Kompyuta moja ya chuo wanaigombea watu sita. Nilimwahidi ya kwake nikiwa na mshahara. Mshahara ukaondoka, ahadi ikabaki. Vipuri vipya niliuliza bei nikajikuta nacheka peke yangu dukani. Nikaamua kuunda kwa vipuri vilivyokarabatiwa.

Muuzaji wa vipuri hivyo wanamwita Daktari. Chumba chake kiko ghorofani, juu ya fundi viatu, rafu kila ukuta, makasha yamepangwa mpaka mlangoni, na yeye katikati na kipulizio chake akitoa vumbi kwenye bodi ya mtu.

"Hivi ni mitumba?" nilimuuliza.

"Usinitukane, bosi wangu. Mtumba ni kitu kilichochoka. Hivi vililazwa, vikatibiwa, vikaruhusiwa kurudi nyumbani."

Nilicheka. Nilikuwa sijacheka muda mrefu, pengine ndiyo maana nililegea. Nikachagua kasha, bodi, pawa saplai na diski. Tukafika kwenye memori. Akaweka vipande viwili juu ya kaunta, kila kimoja kimebandikwa kibandiko kipana cha duka lake.

"Pamoja na risiti na waranti ya miezi sita, bei yake hiyo. Bila risiti, natoa theluthi."

"Kwa nini?"

"Karatasi nayo ina gharama zake, kaka."

Hapo ndipo nilipotakiwa kuchukua miguu yangu. Pale ofisini mimi ndiye niliyekuwa nikiwarudisha wauzaji mlangoni. Bila risiti, kwaheri. Walinipachika jina, wakaniita Bwana Risiti. Nilijua kabisa kwamba bei ile ina jambo. Sikudanganywa. Nilijua, na nikafanya makusudi kutojua.

"Risiti hailiwi," nikasema. "Nipe bila."

Jumamosi asubuhi tukaunganisha, mimi na binti. Yeye anafunga skrubu, mimi napitisha nyaya. Mke wangu alikuwa chumba cha pili anashona mapazia, ndiyo kazi yake, na cherehani yake ilikuwa ikiunguruma kama kawaida. Kwa mara ya kwanza baada ya miezi mitatu nyumba ilikuwa na amani.

Tukawasha. Kompyuta ikatoa mlio mara tatu, ikanyamaza.

"Baba, nimeiua?"

"Hujaiua. Inalalamika. Memori hazijakaa vizuri, au ni chafu."

Nikachomoa vipande, nikamwomba kifutio chake cha penseli. Ukikisugua kwenye yale meno ya dhahabu ya ukingo wa kipande, uchafu unatoka. Mafundi wote tunafanya hivyo. Lakini kibandiko cha Daktari kilikuwa kipana mno, gundi yake imeteremka hadi kwenye meno. Nikakibandua.

Chini ya kibandiko, pembeni, palikuwa na nukta nyekundu.

Nikabandua kile kingine. Nukta nyekundu, pembe ileile.

Nukta hizo nilizitia mimi. Ofisini tuliwahi kuibiwa vifaa huko nyuma, nikaona namba za vibandiko hazisaidii kitu, kibandiko hubanduliwa. Nikawa naazima rangi ya kucha ya mke wangu, na kila kifaa kinachoingia nakitia nukta moja. Sikumwambia mtu. Alama ikishatangazwa, mwizi naye anaijua. Aliyejua ni mke wangu peke yake, kwa kuwa chupa ilikuwa yake na ilikuwa inaisha haraka. Siku aliponikuta nayo kwenye mfuko wa shati alicheka mpaka akakaa chini.

"Baba watoto, sema kweli, ni nani huyo unayempaka rangi?"

Basi nilivyovishika mkononi ndivyo vipande nilivyofukuziwa kazi. Nilikuwa nimevinunua kwa pesa yangu, na nimeomba punguzo.

"Nini, Baba?"

"Hamna kitu. Vumbi."

Nikasugua, nikarudisha. Kompyuta ikawaka. Binti akanirukia shingoni, akapiga kelele hadi jirani akauliza kuna nini. Nikamkumbatia huku nimeangalia ukuta.

Nisiwafiche, baada ya mshtuko nilifurahi. Niliona Mungu amenikumbuka. Aliyemuuzia Daktari vipande hivi ndiye mwizi, na mwizi nilikuwa nimekwisha kumpa sura kichwani. Alikuwa na machozi ya karibu.

Jumatatu nilikuwa wa kwanza kupanda ngazi za Daktari.

"Vile vipande viwili ulivinunua kwa nani?"

"Bosi wangu, mbona umekuja na uso wa hakimu? Umenunua bila risiti, umeondoka bila maswali. Ndiyo biashara yetu."

"Leo nimekuja peke yangu. Nikirudi mara ya pili, sitakuwa peke yangu."

Akanitazama. Akazima kipulizio.

"Mimi si mwizi," akasema. "Kila anayeniuzia kitu namwandika. Simu yake na sahihi yake. Siku wakija wenye pingu, nawapa daftari, nanawa mikono."

Akalitoa chini ya kaunta, akapekua akilamba kidole. Akaligeuza upande wangu. Memori, vipande ishirini. Tarehe ilikuwa siku tatu kabla ya ile kasheshe ya kabati.

"Namkumbuka vizuri," akasema. "Mama mmoja mstaarabu. Hakubishana hata bei."

"Mama?"

"Mama. Mtu mzima, amevaa vizuri, amepaka kucha."

Nikatoa simu, nikaanza kuandika namba ile. Sikuimaliza. Zilikuwa zimebaki tarakimu tatu, simu ikaniletea jina yenyewe. Mama Watoto.

"Unamfahamu?" Daktari akauliza.

"Nilidhani hivyo."

Nikaupiga picha ukurasa. Daktari hakunizuia. Nafikiri alinihurumia, na kuhurumiwa na mtu kama yule ni jambo ambalo sikuwahi kulitarajia maishani.

Nilimkuta mke wangu kwenye cherehani, pazia la mteja limemfunika magoti. Binti alikuwa chuoni, mdogo wake shuleni. Nikaviweka vipande viwili juu ya kitambaa. Nilikuwa nimevichomoa kwenye kompyuta ya mtoto bila kumuaga mwenyewe.

Cherehani ikasimama.

"Ulijua lini?" nikamuuliza.

Hakuniuliza kujua nini.

"Siku ile uliporudi na boksi la vitu vyako."

"Miezi mitatu?"

"Miezi mitatu."

Akazungumza huku anachambua uzi, hanitazami. Alisema kaka yake alimletea mfuko, akamwambia ofisi imewagawia wafanyakazi vifaa vya zamani, ila yeye anaona aibu kuzunguka navyo madukani. Amsaidie kuuza. Akauza, hata mfuko wenyewe hakuuchungulia.

"Naapa sikujua. Uliporudi na lile boksi ndipo nilipojumlisha."

"Ukajumlisha, ukanyamaza."

"Nilimfuata. Nilimwambia aende akaseme. Akanipigia magoti, baba watoto. Kaka yangu mkubwa, kwenye magoti."

"Na pesa?"

"Nusu aliniachia. Ndiyo iliyojazia ada ya mtoto."

Nikakaa. Ada ile ilipopungua, shemeji ndiye aliyeiokoa, na mimi nilimshukuru kwa mikono miwili mbele ya wanangu. Nilisema shemeji wa namna hii watu wanamtafuta kwa tochi hawampati. Alikuwa ameketi kiti hikihiki, akainamisha kichwa kwa unyenyekevu. Nilidhani ni unyenyekevu.

"Ungeniambia mimi," nikasema. "Mimi mumeo."

"Ungefanya nini? Ungekwenda kusema. Akifungwa, mama yangu anabaki na nani? Dawa zake nani ananunua? Wewe huna kazi."

"Sina kazi kwa ajili yake!"

"Najua."

"Na mimi je? Mimi hukunifikiria?"

Hapo ndipo aliponitazama.

"Nilikufikiria. Yeye angefungwa. Wewe ungefukuzwa tu."

Nimeishi na mwanamke huyu miaka ishirini na mmoja. Tumezika mtoto mmoja, tumelea wawili. Ameniambia mengi kwa hasira na mengi kwa mapenzi, yote nimeyasahau. Hilo sitalisahau.

Nikatoa simu nikamwonyesha ule ukurasa. "Hii naipeleka Alhamisi."

Aliisoma. Machozi yakamtoka, lakini sauti haikutetereka. "Ipeleke. Watasema wewe uliiba, mkeo akauza. Kuna mahali hapo pameandikwa jina la kaka yangu?"

Alikuwa sahihi. Nilikuwa nimezunguka na ile picha tangu asubuhi kama mtu aliyeokota hazina, kumbe nimebeba kamba ya kujinyonga. Daktari hawezi kunisemea, maana hata kuniuzia hakuniuzia, hakuna karatasi. Kilichoweza kuniokoa kilikuwa kimoja tu, kinywa cha mke wangu.

"Basi twende wote," nikamwambia. "Mimi nitaviweka vipande mbele yao. Ukiitwa, sema haya uliyoniambia mimi. Picha sitaitoa."

"Kwa nini usiitoe?"

"Nataka uniokoe wewe, mwenyewe."

Nililisema hilo kwa kiburi. Nilijiona muungwana. Ukweli ni kwamba nilikuwa nampa mtihani, na mtu aliyezama hana haki ya kumpa mtihani mwenye kamba.

"Nitakuja," akasema, akawasha cherehani.

Jioni binti alirudi akakuta kompyuta haiwaki. Nikamwambia memori zina hitilafu, nazirudisha dukani. "Wana waranti, si ndiyo?" akauliza. Nikamwambia ndiyo. Nikaona nimekwisha kuwa mwongo wa kawaida, kama watu wengine wote wa nyumba ile.

Alhamisi niliamshwa na harufu kali. Mke wangu alikuwa mezani na pamba na ile dawa ya kutolea rangi ya kucha. Tangu nimchumbie sijawahi kumwona anatoka bila rangi ya kucha. Siku ya msiba wa baba yake alipaka.

"Unatoa ya nini?"

"Imebanduka."

Nikakubali jibu lile. Nilikuwa nalihitaji.

Kikao kilikuwa kwenye chumba cha mikutano, meza ileile ambayo nyaya zake nilizipitisha mimi. Meneja mwisho wa meza. Pembeni yake mkaguzi, mama wa makamo, miwani imening'inia kifuani, mtu asiyepoteza neno. Upande wa pili shemeji, shati limepigwa pasi, leso tayari mkononi. Mke wangu wakamwambia asubiri kwenye benchi la nje.

"Shikamoo shemeji," akanisalimia. Tangu mwanzo hanikosei heshima, na hilo ndilo linaloniudhi zaidi.

Nikaviweka vipande viwili mbele ya mkaguzi. Nikaeleza nukta nyekundu, nani alizitia na kwa nini. Shemeji akaacha kukunja leso. Nilimwona. Alikuwa hajui kuhusu nukta.

Mkaguzi akavaa miwani, akavigeuzageuza.

"Kwa hiyo unakiri kwamba hii ni mali ya ofisi."

"Nakiri."

"Na imetoka mikononi mwako."

"Nimeinunua."

"Risiti iko wapi?"

Meneja akakohoa. Nadhani naye alikumbuka lile jina la Bwana Risiti.

"Sina."

"Wewe? Huna?"

"Nilipunguziwa bei."

Shemeji akapangusa jicho kwa leso. Sikujua kama analia au anacheka.

"Fundi," mkaguzi akasema taratibu, "alama hii haimo kwenye kitabu chochote cha ofisi. Umeshtakiwa wizi, umekuja na kitu kilichoibwa, na anayejua kuwa ni chetu ni wewe peke yako. Nani mwingine anaijua?"

"Mke wangu. Na yeye anajua zaidi ya hapo. Muulizeni."

Akaitwa.

Aliingia ameshika mkoba kwa mikono miwili. Akaketi kiti kilichokuwa katikati, mimi mkono wake wa kulia, kaka yake wa kushoto. Mkaguzi akamsogezea kipande kimoja.

"Mama, nukta hiyo ni rangi ya kucha. Mumeo anasema ni yako, na kwamba unajua vipande hivi vilifikaje dukani. Tunakusikiliza."

Mke wangu akaangalia kipande. Akamwangalia kaka yake. Shemeji alikuwa ameinamisha kichwa, ule unyenyekevu wake. Kisha akaweka mikono juu ya meza, vidole vimetandazwa, kucha nyeupe hazina kitu. Nikajua kabla hajafungua kinywa.

"Mimi sipaki rangi kucha," akasema.

Nilitaka kucheka. Kulikuwa na picha ya harusi yetu ukutani nyumbani, kucha kumi zote nyekundu.

"Na vipande hivi?"

"Sivijui. Ya kazini kwake hajawahi kuniambia."

Shemeji akapumua, nilimsikia. "Waheshimiwa," akasema kwa sauti ya majonzi, "huyu ni kama ndugu yangu. Inaniuma. Lakini kama mtunza stoo, sina budi kuomba polisi waitwe."

Meneja akaivuta simu ya mezani.

"Una la kuongeza, fundi?" mkaguzi akaniuliza.

Sasa nakuja kwenye kosa langu la pili, ambalo ni kubwa kuliko la risiti.

Nilikuwa na picha mfukoni. Nilijua haitaniokoa. Mke wangu mwenyewe alikwisha kunifafanulia kwamba haitaniokoa. Nilijua vilevile nina watoto wawili, na kwamba wakipoteza baba bado watakuwa na mama. Mtu mzima angenyamaza hapo. Angekwenda zake na aibu yake, watoto wakabaki na mtu wa kuwafungulia mlango.

Lakini nilikumbuka ile "tu" yake. Nikakumbuka miezi mitatu ya kuletewa chai na kuulizwa, "Rufaa umefikia wapi, baba watoto?"

"Ninalo," nikasema.

Nikaitoa simu, nikaifungua picha, nikaisukuma mbele ya mkaguzi. "Hili ni daftari la muuzaji. Hapo pana namba ya aliyemuuzia vipande vyote ishirini. Msinisikilize mimi. Ipigeni."

Shemeji akainuka nusu. "Jamani, namba tu inaweza kuwa ya mtu yeyote..."

"Kaa," mkaguzi akamwambia.

Akaichukua simu ya mezani kutoka kwa meneja. Akawa anabonyeza tarakimu mojamoja, anasoma, anabonyeza. Mke wangu hakunitazama. Aliteremsha mikono yake mezani, akaushika mkoba, akaukumbatia kifuani kwa nguvu kama mtu anayemnyamazisha mtoto.

Mkoba ukaanza kulia.